Mwaka Niliojifunza Kuosha Mdomo

Kusum alinipigia simu Jumatatu asubuhi, akasema yuko Upanga kwa wiki mbili tu, na nisipokwenda kula naye mchana hatanisamehe. Sikumuuliza wewe nani. Sauti ile ilikuwa haijabadilika hata kidogo, ingawa mara ya mwisho kuisikia nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili mwenye meno yake yote, na sasa safu nzima ya juu ni ya bandia. Alikuwa amefikia kwa mpwa wake, ghorofa ya tatu, na aliyenifungulia mlango ni mke wa huyo mpwa, Hetal, daktari wa meno. Mimi na Kusum tulikumbatiana, tukalia kidogo, tukasogezana mbali ili tutazamane vizuri, na kila mmoja akamwambia mwenzake uongo kwamba hajazeeka. Tukakaa mezani. Sijamega hata chapati, Kusum akauliza, "Zaituni, mdomo wako bado unao?" Hetal akaacha kupakua dengu, akaniinamia kama nadhani anavyowainamia wagonjwa wake, akaniuliza kwa upole, "Anti, mdomo una nini?" Kusum alicheka mpaka akapaliwa. Ikabidi tumweleze, tukipokezana, na chakula kikapoa. Haya ninayoandika ndiyo tuliyomweleza, pamoja na mengine niliyoyaruka pale mezani kwa aibu.

Ulikuwa mwaka wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo, na ndio mwaka sabuni ilipopotea madukani. Nilikuwa nimepanga chumba Mtaa wa Mchikichi pamoja na shoga yangu Mwanahawa, aliyekuwa muuzaji katika duka la ushirika. Nyumba nzima iliamini kwamba Mwanahawa analalia katoni za sabuni. Ingekuwa kweli ningejua, maana nililala upande wa pili wa kitanda hichohicho. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama uani, penye bafu la mabati na kinu cha mwenye nyumba, na ukisimama juu ya kinu uliwaona mafundi wakimalizia paa la soko jipya la Kariakoo, yale mapaa ya zege yaliyokaa kama miavuli iliyogeuzwa na upepo. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na kiporo cha ugali wa njano kilichokaangwa, na jioni tukala ugali wa njano ambao bado haujawa kiporo. Tulilalamika kutwa, lakini tulilalamika huku tunacheka, na nikiukumbuka mwaka ule sioni mahali nilipokuwa na huzuni kwa zaidi ya siku tatu mfululizo. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Vyombo tulisugua kwa jivu, mchanga mwembamba na kumbi la nazi, na hapo niseme bila haya kwamba nilikuwa bingwa. Katika sufuria zangu ungeweza kujitazama ukapaka wanja. Wapangaji wenzetu walinisifu, nami nilizidi kusugua.

Mchana nilifanya kazi katika kiwanda cha vifungo. Tulikaa wanawake kumi na wanne kwenye meza ndefu, tukichambua vifungo vyenye matundu manne na kutupa pembeni vile ambavyo mashine ilivitoboa matatu. Kiwanda kilikuwa na bendi ya matarumbeta, wanaume watupu, na mwaka ule tawi la chama likaagiza kwamba katika maandamano ya Mei Mosi sharti bendi iwe na mwanamke angalau mmoja. Mkuu wa bendi alikuwa mtunza stoo wetu, Mzee Chilumba, mtu wa Masasi, aliyewahi kupiga katika bendi ya jeshi zamani za Mwingereza na ambaye bado alitembea kana kwamba kuna mtu anamhesabia hatua. Alipita kwenye meza yetu akitutazama nyuso, mmoja baada ya mwingine, mpaka akanifikia mimi. "Wewe binti, funga mdomo," akasema. Nilikuwa nikizungumza, kama kawaida yangu. Nikafunga. Akautazama kwa muda, akatikisa kichwa kukubali. "Huu utafaa."

Tarumbeta waliyonipa ilikuwa nzuri, ila haikuwa na kile kipande cha mbele kama kikombe kidogo, unachokigusisha midomo ili upulize. Wapigaji wenyewe wanakiita mdomo. Wa tarumbeta ile ulikuwa umepotea zamani. Mzee Chilumba akatoa kwenye mfuko wa shati kitambaa cha flana, akakikunjua polepole, na ndani yake mlikuwa na mdomo wake mwenyewe. "Huu nimepiga nao tangu ujana," akaniambia. "Ndani ni shaba, juu umevishwa fedha. Mimi meno yameanza kunikimbia, siwezi tena. Nakuazima. Siku nikiona huufai, nitauchukua, na tarumbeta utaiweka chini hapohapo." Nikasema nimeelewa, Mzee. Nilipouweka mdomoni mara ya kwanza, ubaridi wake ulipita mpaka kisogoni, na sauti iliyotoka ilikuwa ya bata aliyekanyagwa, lakini ilikuwa sauti yangu na ilifika mpaka getini. Niliipenda kazi ile siku hiyohiyo. Vifungo havijawahi kumfanya mtu anisikie kutoka getini.

Siku hiyo alinipa maagizo mengi, na la mwisho lilikuwa hili: "Na kila ukimaliza kupiga, uoshe mdomo. Maji ya vuguvugu. Nje na ndani." Nikaona mzee huyu anajali usafi, tena ana haki, maana ameniazima kitu chake. Nikanunua mswaki mpya. Nikasaga mkaa, nikatia chumvi, nikapiga mswaki asubuhi na jioni, nikasukutua kwa maji ya vuguvugu kama nilivyoambiwa, kwa karibu miezi miwili. Meno yangu yaling'aa hata vijana wa Mtaa wa Kongo wakawa wanayasemea. Ile shaba yenye fedha niliifunga tu kwenye kitambaa chake, na mate yake, na vumbi lake, na mabaki ya dagaa, Mungu anisamehe.

Mwanzoni mwa Aprili, tukiwa mazoezini kwenye kantini ya kiwanda, Mzee Chilumba alinyanyua mkono akatunyamazisha. "Tarumbeta ya binti ina kikohozi," akasema. Akauchomoa mdomo, akauelekeza dirishani, akachungulia kwenye tundu lake. Hakuona mwanga. "Ndugu Zaituni, umeosha mdomo lini?"

"Asubuhi hii, Mzee. Na jana jioni."

"Kwa nini?"

"Kwa mkaa, Mzee. Na chumvi." Nikamkenulia ili aone mwenyewe.

Mpiga ngoma kubwa alikaa chini sakafuni. Wengine waliegemea ukuta. Mzee Chilumba peke yake hakucheka, na ningefurahi zaidi kama angecheka. Alinyanyua ile shaba mbele ya macho yangu. "Mdomo huu, binti. Si huo wako." Akanirudishia, na nikajua kwamba nimebakiza nafasi moja tu. Jioni ileile akapata habari kwamba dada yake amefariki Masasi. Masika yalikuwa yameikata barabara ya Rufiji, kwa hiyo alisafiri kwa meli hadi Mtwara, na bandarini, tulipokwenda kumpa pole na kumsindikiza, aliniambia neno moja tu. "Nikirudi kabla ya Mei Mosi, nataka niukute unang'aa."

Angejua anamwambia nani, asingesema neno hilo. Jumamosi mchana nilikaa uani na jivu langu, mchanga wangu uliochekechwa kwa kitambaa, nusu limau na kumbi la nazi, nikausugua mdomo ule kwa nguvu zote nilizopewa. Kwanza likatoka jivujivu lenye weusi, ukabaki weupe. Ningeishia hapo. Lakini kwenye ukingo niliona mahali panapochungulia rangi nyingine, ya njano, nzuri zaidi, nikasema kumbe bado kuna uchafu umefunika. Nikaongeza limau. Baada ya saa nzima mdomo wote ulikuwa wa njano, unawaka juani hata unaumiza macho. Mwanahawa alitoka chumbani akiwa na khanga kichwani, akashika kiuno. "Shoga! Kumbe mzee wa watu amekuachia dhahabu?" Nami, wallahi, nikaamini. Nilikumbuka aliposema ndani ni shaba, nikaona bila shaka alisema hivyo ili wezi wasisikie.

Nilipiga nao siku nne. Siku ya pili nilionja kutu. Siku ya tatu nilizungukwa na duara la kijani mdomoni, Mwanahawa akaniuliza ni mwanamume gani huyo anayeacha alama. Siku ya nne midomo ilivimba ikatoka vipele, na sauti ikagoma kabisa, nikipuliza ni pumzi tupu. Mwanahawa hakushtuka. Alikuwa amekwisha amua kwamba dhahabu ndiyo imenikataa, kama inavyowakataa watu wengine masikioni. "Twende kwa sonara," akasema, "akatuambie ni dhahabu ya aina gani." Tukajifunga khanga tukaenda Kisutu, kwenye duka moja jembamba ambalo mbele lina kabati la kioo na nyuma lina pazia la maua. Mwenye duka, Mzee Ratilal, alivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akaugeuza mdomo ule mara mbili na kuuliza nimeusafisha kwa kitu gani. Nikamweleza kwa fahari, sikuacha kitu, hata mchanga nilivyouchekecha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Binti, weusi ulikuwa uchafu. Weupe ndio uliokuwa fedha. Umesugua ukapita fedha yote, sasa uko kwenye shaba."

Nililia palepale dukani, mbele ya bibi mmoja aliyekuja kupima bangili. Sikulilia fedha. Nililia kwa sababu Mzee Chilumba angerudi, angefungua kitambaa, angechukua kilicho chake, nami ningerudi kwenye meza ya vifungo na kuisikia bendi kutoka dirishani maisha yangu yote. Mwanahawa akamwomba auvishe upya. Mzee Ratilal akakataa, akaeleza sababu. Dawa anayochovyea vito ni sumu. Bangili inavaliwa mkononi, lakini kitu cha kutia mdomoni hachovyi, hata umpe nini. Hapo pazia likasogea, akatokea msichana wa rika langu, vidole vyeusi kwa kazi. "Baba," akasema, "na ile ya kusugua kwa kitambaa?"

"Ile ni nyembamba. Haikai."

"Itakaa akijua kuosha," Kusum akasema. Kisha akanigeukia, kwa Kiswahili cha Kariakoo hasa, "Wewe mikono yako ni ya kupiga deki. Unaweza kushika kitu taratibu?"

Alikuwa na kopo la vumbi la fedha, yale makombo yanayodondoka kwenye meza ya kazi, ambayo baba yake alimruhusu kuyafagia yawe yake. Alikuwa akiyakusanya kwa miaka miwili ili ajifulie pete. Aliyamimina yote. Akayayeyusha kwa tindikali, akatia maji ya chumvi, ukazuka unga mweupe kama maziwa yaliyokatika, akauosha mara nyingi, akauchanganya na chumvi na unga mchachu. Yote haya aliyafanya kivulini, maana unga ule ukiona jua unakuwa mweusi. Kisha akaupakaza mdomo wangu kwa kitambaa chenye maji, kidole kikizunguka polepole, na njano ikaanza kuzama chini ya weupe, kidogo kidogo, kama ukungu kwenye kioo. Sikuwa nimewahi kuona mtu akisugua ili kitu kiongezeke. Nilimwambia hivyo, akacheka, akasema basi sogea karibu uone vizuri.

Kwa wiki mbili nilipita kwao kila nikitoka kazini, na hapo jikoni kwao nyuma ya duka ndipo nilipojifunza kuosha. Maji ya vuguvugu, yasiyounguza kiganja. Sabuni kidogo tu. Mwanahawa alinipatia kipande cha ukubwa wa kidole gumba, na aliapa hakukitoa chini ya kitanda. Unyoya wa kuku uliosafishwa, wa kupitisha kwenye tundu, kwa kuwa kiburashi chake hakikupatikana mjini. Dole gumba likizunguka ukingoni bila kukandamiza. Kitambaa laini, unagusisha tu mpaka pakauke. Mama yake Kusum alitupa chai ya maziwa yenye tangawizi na chapati nyembamba kama karatasi, na nyuma ya pazia wageni wa Mzee Ratilal walizungumza kwa lugha yao, kwa sauti ya chini. Sikuelewa kitu isipokuwa neno moja lililorudi kila jioni, pasipoti. Likitajwa, Kusum alikuwa anaongeza sauti ya redio. Sikumuuliza, naye hakusema, tukaendelea kuosha.

Mzee Chilumba alirudi siku nne kabla ya Mei Mosi, amekonda, nywele zimenyolewa kwa msiba. Vipele vyangu vilikuwa vimepona. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akanyoosha mkono hata kabla hajakaa. Alikifungua kitambaa. Akautazama mdomo, akachungulia tunduni akaona mwanga, akapitisha kidole ukingoni, kisha akafanya jambo nisilolitarajia. Aliutia mdomoni mwake akapuliza, bila tarumbeta, ule mlio wa bata. Akautoa. "Fedha hii si yangu," akasema. "Yangu ilikuwa nzito."

Bendi nzima ilikuwa imesimama pale. Nikasema yote: jivu, mchanga, limau, dhahabu ya Mwanahawa, sonara, kopo la vumbi. Sikuacha kitu. Nilipofika kwenye pete ya Kusum, mzee alikaa kwenye benchi.

"Mimi nilitumia tofali," akasema.

"Mzee?"

"Mwaka wangu wa kwanza jeshini. Nilisaga tofali nikausugua mdomo wa serikali mpaka ukawa mwekundu. Nilifungiwa siku saba. Na mimi pia niliambiwa tu ung'ae." Akakikunja kitambaa cha flana, pembe kwa pembe, akakitia mkononi mwangu, na mdomo ndani yake. "Fedha yangu umeshaimaliza, binti. Iliyopo juu hapa ni yako. Sasa nikuazimeje kitu chako? Kaa nao."

Nilipiga Mei Mosi. Nilipiga nikiwa na viatu vya kuazima na gwanda lililonizidi mabega, safu ya pili kutoka mbele, kutoka Mnazi Mmoja na kuendelea, na Mwanahawa alikimbia kando ya barabara akiwaambia watu asiowajua kwamba yule nalala naye kitanda kimoja. Kusum hakuwapo. Duka lao lilikuwa na wageni siku hiyo. Lakini kila mwezi nilimpelekea mdomo, akautazama chini ya miwani ya baba yake, akagusia kitambaa mahali palipochoka, na mimi nikamletea vifungo vya matundu matatu, ambavyo alivipenda kuliko vile vizima. Mwezi wa Desemba nilikuta mlango umefungwa. Jirani alinikabidhi kibati kidogo cha dawa ya vidonge, na ndani yake mlikuwa na unga mweupe uliofungwa kwenye karatasi nyeusi. Niliutumia chembe kwa chembe, miaka mitano, na nilipiga tarumbeta miaka thelathini baada ya hapo.

Tulipofika hapo, Hetal alikuwa ameshika tama na dengu zimeganda. Nikafungua mkoba, nikatoa kile kitambaa, maana tangu ile simu nilijua nitaulizwa. Kusum akavaa miwani yake, mmoja tu. Ukingo umekuwa wa njano wote, mahali midomo yangu ilipokaa. Lakini akauelekeza dirishani, akatazama ndani ya kikombe chake. "Ndani bado ipo," akasema. "Pete yangu, umeivaa wewe mdomoni miaka yote hii." Nilimwambia kwamba kwa miaka yote hiyo nimesikitika kwamba hakuwahi kunisikia. Akasema, basi piga. Nikamwambia nina meno ya Hetal na wenzake, hayapigi. Akasema piga hivyohivyo. Nikapuliza mdomo mtupu, akatoka bata, bata mzee sana, na jirani wa chini akagonga dari yake kwa kitu kama ufagio. Kusum alinishika mkono akalia, nami nikalia, na tulikuwa na furaha kweli.

Hetal alifuta macho, akasimama, akauchukua mdomo mezani. "Umechoka kidogo, Anti," akasema. "Ngoja niung'arishe kwa dawa ya meno, dakika moja tu, utaona."

"Acha!" Tulisema pamoja, mimi na Kusum, kwa sauti moja, na Kusum alikuwa ameshasimama. Hetal akaganda na mkono hewani. Nikamnyang'anya taratibu, nikamwomba maji ya vuguvugu, sabuni na kitambaa laini, kisha nikavuta kiti karibu na changu.

"Kaa hapa, mwanangu," nikamwambia. "Huu unaitwa mdomo. Si huo wako."